Kuondoa Harufu ya Moshi Kwenye Joho na Suti Zisizofuliwa

Aliyesimama karibu na kuni za pilau ya harusi hurudi nyumbani na moshi uliozama katika joho au suti yake ya sufu, na kwa kuwa nguo hizo haziingizwi majini, wengi huzifukiza udi wakidhani wamemaliza kazi. Udi nao ni moshi. Huongeza chembe nyingine juu ya zile za masizi na mafuta zilizokwisha kushika nyuzi, na baada ya siku mbili nguo hunuka vyote viwili.

Kwanza soma lebo: beseni lenye alama ya X lina maana kwamba nguo isifuliwe. Ukiona masizi kwa macho, usiyasugue, kwani yatazama zaidi. Mpelekee dobi anayesafisha nguo bila maji.

Kama ni harufu tu, fungua vifungo vyote, toa mifuko nje, kisha uitundike nguo kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali hufifisha rangi. Pwani, itoe umande ukishakauka na uiingize kabla ya magharibi, maana sufu hunywa unyevu wa hewa. Jioni ipige brashi laini kuanzia mabegani kwenda chini, bila kusahau kola na bitana.

Harufu ikibaki, ifungie nguo ndani ya sanduku au mfuko mkubwa pamoja na bakuli la bikaboneti ya soda, ile inayotumika kuumulia keki, kwa siku 2 au 3. Wako wanaoinyunyiza moja kwa moja juu ya kitambaa, lakini mimi sipendi njia hiyo kwa nguo nyeusi, kwani unga hukwama kwenye mishono. Wala usiweke magadi ya kupikia maharage mahali pake: hayo ni makali na huharibu sufu yakiigusa.

Mvuke wa pasi uwe wa mwisho. Ishike pasi mbali kidogo na sufu bila kuigusa, uikwepe hariri, mahameli na tarizi za nyuzi za dhahabu, kisha itundike nguo tena hadi ikauke kabisa. Inuse asubuhi ukitoka nje, kwa kuwa pua iliyokaa chumbani na moshi huuzoea.