Jinsi ya kuchukua ATIS kabla ya kutua

ATIS ni tangazo la hali ya uwanja wa ndege linalojirudia redioni bila kukoma. Kila toleo lina herufi yake, Alfa hadi Zulu. Kwa kawaida hubadilishwa kila saa, au mapema zaidi hali ikigeuka.

Hatua ya 1. Sikiliza kabla hujaanza kushuka. Kila futi 1,000 za kushuka hula takribani maili 3 za baharini, hivyo aliye futi 35,000 huanza zikiwa zimebaki maili zaidi ya 100, na tangu hapo mikono haitulii. Masafa ya redio ya ATIS yamo kwenye chati ya uwanja. Yaweke kwenye redio ya pili. Ya kwanza ni ya mwongozaji wa ndege aliye ardhini, usiiache. Mkiwa wawili, mmoja asikilize, mwenzake arushe.

Hatua ya 2. Andika kwa mkato:

K 0850 210/12 9999 SCT025 24/18 Q1014 R24

Yaani: taarifa Kilo, saa 0850 UTC (saa ya dunia, si ya pale uwanjani), upepo kutoka nyuzi 210 kwa noti 12 (maili za baharini kwa saa), mwonekano kilomita 10 au zaidi, mawingu yaliyotawanyika futi 2,500, joto 24, kiwango cha umande 18, QNH (shinikizo la hewa la usawa wa bahari, linalowekwa kwenye altimita, yaani kipima kimo) hektopaskali 1014, njia ya kutua 24.

Hatua ya 3. Hakiki QNH. Hapa ndipo pa hatari. Hektopaskali 1 ni kama futi 28 za kimo. Anayetoka nchi inayopima shinikizo kwa inchi za zebaki akisikia "992", yaani hektopaskali 992, anaweza kuweka inchi 29.92, ambayo ni hektopaskali 1013. Tofauti ya 21: ndege iko chini ya inavyoonyesha altimita kwa karibu futi 600. Ukiwa na shaka, isikilize tena.

Hatua ya 4. Pima upepo dhidi ya njia. Njia 24 inaelekea nyuzi 240. Upepo wa 210 unaikata kwa nyuzi 30, kwa hiyo nusu yake, noti 6, inakupiga ubavuni.

Hatua ya 5. Ukimwita mwongozaji mara ya kwanza, taja herufi: "tunayo Kilo". Akijibu kwamba sasa ni Lima, chukua mpya, hasa QNH na njia.

Upepo wa ATIS unaweza kuwa wa karibu saa nzima iliyopita. Upepo wa kutumia unapotua ni ule mnara unaokupa pamoja na ruhusa ya kutua. Uwanja usio na ATIS, haya yote yaombe mnarani.