Pikipiki ya safari na ya porini: jinsi ya kuichagua ukiwa Nairobi, hatua kwa hatua

Simu zinazonijia huwa za namna moja. Mtu ameshasimama mbele ya pikipiki, pesa iko tayari, broka yuko pembeni anamhimiza, naye ananiuliza, "Kaka, hii niichukue?" Namrudishia swali: unaenda nayo wapi? Hapo kimya kinaingia. Cc, yaani ukubwa wa injini, anazijua, bei anaijua, hata sauti ya eksozi ameshaisikia kwenye video. Njia ndiyo hajaifikiria.

Basi tuanzie kwenye njia. Duka litangoja.

Hatua ya 1: Andika unakokwenda kweli

Chukua karatasi uandike kila safari unayojua utaifanya mwaka huu. Cape Town usiiandike. Andika Magadi, Naivasha, Nanyuki, na kule kwenu kijijini mwezi wa Desemba. Mbele ya kila jina andika ardhi yake, kwa sababu ardhi ndiyo inayochagua pikipiki.

Ukitoka Nairobi lami unaweza kuifuata hadi Moyale. Kile kipande cha kutoka Isiolo, kilomita 500 hivi, zamani kilikuwa kikivunja magari na siku hizi ni lami tupu. Hapo unataka kiti kizuri na injini isiyolia kwa uchovu. Ukikata Suswa au Kedong unakutana na lile vumbi ambalo mashabiki wa Safari Rally huliita fesh-fesh, laini kama unga wa ngano, na chini yake kuna mashimo usiyoyaona. Ukielekea Loiyangalani kupitia Baragoi na South Horr, ni mawe ya volkano na mchanga wa kwenye laga, ile mito mikavu.

Halafu kuna udongo mweusi wa Kajiado, na huu nitakaa nao kidogo, maana ndio uliowaaibisha wengi, mimi nikiwa wa kwanza. Ukiwa mkavu ni saruji. Ukinyeshewa, haukuangushi papo hapo. Unapanda kwenye tairi kwanza, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka unajaza nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi. Ghafla gurudumu la mbele linakataa kuzunguka na unajikuta unaburuta kitu mfano wa jembe. Pikipiki yenye madigadi ya mbele iliyobana tairi haina dawa hapo, labda uwe na spana ya kuifungua na kijiti cha kukwangulia. Kwa hiyo ukifika dukani, pitisha ngumi kati ya tairi na madigadi. Isipopita, na karatasi yako imeandikwa Kajiado, endelea kutafuta.

Hatua ya 2: Ilaze, uiinue

Nilipokuwa mgeni wa mambo haya nilinunua pikipiki ya cc 1200. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa za kujionyesha. Mvua moja ya Aprili, ndani kidogo ya Il Bissil, kulekule Kajiado, ikalala chini kwa upole kabisa, kama ng'ombe aliyechoka. Nilijaribu kuiinua mara nne. Mara ya tano nilikaa juu yake nikanywa maji. Wakatokea vijana watatu wachungaji, wakaizunguka, mmoja akasema, "Mzee, ng'ombe yako imelala. Tuisimamishe?" Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Uzee huo nilipewa na tope.

Kwa hiyo kabla ya kununua, tafuta rafiki mwenye pikipiki ya uzito huohuo, mwende kwenye nyasi, muilaze taratibu, uiinue mwenyewe. Kama imelalia upande wa kulia, toa stendi ya pembeni kwanza na uiache kwenye gia, isije ikakuangukia ng'ambo ya pili. Zungusha hendeli hadi mwisho kuelekea upande ulioko chini. Geuka, makalio yaegemee kiti, chuchumaa, mkono mmoja ushike hendeli na mwingine ushike keria au fremu. Sasa tembea kinyumenyume kwa hatua fupi. Kazi ifanywe na miguu. Mgongo uache umenyooka. Ukiweza mara tatu mfululizo bila kuona nyota, uzito huo ni wako.

Kwa kipimo: Honda CRF300L ina kilo 142, Royal Enfield Himalayan 450 kilo 196, Yamaha Ténéré 700 inazidi 200 kidogo, Honda Africa Twin 1100 ya kawaida 226, na BMW R 1250 GS 249. Hapo hujafunga hema, maji wala sufuria.

Hatua ya 3: Mguu

Hii ni fupi. Nenda dukani na buti utakazosafiria, si raba. Kaa, jaribu kuweka mguu mmoja imara chini huku mwingine ukiwa kwenye breki. Kiti cha CRF300L kiko milimita 880 kutoka ardhini, cha Himalayan ya zamani ya cc 411 kiko 800. Mtu mfupi si lazima akimbie ile ndefu, kwani shoki hushuka ukikaa, lakini ukifika kwenye mawe na mguu unaning'inia hewani utanikumbuka.

Hatua ya 4: Hesabu ya petroli

Zidisha lita za tanki kwa kilomita unazopata kwa lita moja, kisha toa theluthi. Theluthi hiyo ni ya mchanga, upepo wa mbele, na njia uliyopotea. CRF300L ina tanki la lita 7.8. Ukipata kilomita 28 kwa lita, ni 218. Toa theluthi, umebaki na 145 za kuaminika. Maralal hadi Loiyangalani ni zaidi ya 200. Ndugu yake, CRF300 Rally, ni injini ileile lakini tanki ni lita 12.8, na hesabu ileile inakupa karibu 240. Hiyo ndiyo tofauti unayoinunua, wala si kile kioo cha mbele.

Petroli ya chupa kule njiani ipo, lakini usiifanye mpango. Na ukiinunua, ichuje kwa kitambaa safi kabla haijaingia kwenye tanki.

Hatua ya 5: Magurudumu

Gurudumu la mbele la inchi 21 hupanda jiwe pale ambapo la inchi 17 hulipiga. La inchi 19 liko katikati, linatosha kwa mtu wa lami nyingi na changarawe kidogo. Rimu za spoki hujikunja na kunyooshwa. Zile za aloi, za kumwaga kwenye kalibu, zikipasuka, zimepasuka. Spoki nyingi huja na tairi za tyubu, na miiba ya migunga ya Magadi haina huruma, kwa hiyo jifunze kuziba pancha nyumbani, Jumamosi, na chai iko karibu. Mara ya kwanza itakuchukua saa mbili. Bora saa hizo uzipotezee mtaani Umoja kuliko porini Shompole.

Hatua ya 6: Pita Kirinyaga Road kabla hujanunua

Watu hununua kwanza ndipo wakaenda kuulizia spea. Geuza. Andika vitu vitano: breki pedi, kebo ya klachi, filta ya oili, cheni na sproketi zake, beringi za magurudumu. Zunguka nazo maduka matatu. Usiulize kama zinapatikana, kila kitu Nairobi kinapatikana. Uliza, "Iko hapa sasa hivi?" Ukiambiwa "Ipo boss, ngoja kidogo," na kijana akatoka mbio, hesabu dakika. Akirudi ndani ya kumi nayo mkononi, hiyo pikipiki inaishi mjini. Ukiambiwa "tutaagiza," jua kila hitilafu itakuwa na likizo yake ya wiki kadhaa.

Kwa kipimo hiki, pikipiki ndogo zinazodharauliwa hushinda. Honda XR150L haimtishi mtu barabarani, ila ina tanki la lita 12 na fundi asiyeogopa kuifungua hukosi. Boxer nayo, cheka upendavyo, lakini popote palipo na stendi ya bodaboda pana spea zake. Nimeshaona Boxer ikipita laga huku wenye mashine za mamilioni wakijadiliana ukingoni.

Hatua ya 7: Kukagua mtumba

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini kwa mgongo wa mkono. Ikiwa na joto, jiulize alikuwa anaficha nini. Pikipiki nyingi mbovu hujiaibisha asubuhi, injini ikiwa baridi. Washa, tazama moshi. Wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua.

Inua mbele, zungusha hendeli polepole sana. Ukihisi inanasa kidogo pale katikati, kama droo yenye kijiti, beringi za shingo zimekwisha. Futa vyuma vya shoki za mbele kwa kitambaa, kandamiza mara kadhaa, halafu angalia kama pete ya oili inayovuja imebaki. Vuta cheni kutoka nyuma ya sproketi: ukiona nusu ya jino, cheni imekufa, na kama meno yamepinda kama kucha za mwewe basi ni seti nzima. Chukua spana ndogo ugonge spoki moja moja. Nzima zinalia "tin." Iliyolegea inajibu "tu," kama mtu asiyetaka kuamka.

Kisha, na hapa usikubali kuharakishwa, fungua kisanduku cha filta ya hewa. Ya pili niliyoinunua ilikuwa na rangi mpya, stika mpya, na muuzaji mcheshi kupindukia. Filta sikuifungua. Wiki tatu baadaye ilikuwa inakunywa oili kama chai, ndipo nikafungua na kukuta sponji ya godoro iliyokatwa kwa mkasi. Vumbi lote la Suswa lilikuwa limepita hapo likasaga silinda na ringi. Siku hizi nafungua, nachomeka kidole upande wa ndani, ule unaoelekea injini. Kikitoka na vumbi, narudi nyumbani na pesa zangu.

Mwisho, lala chini utazame fremu: nyufa karibu na vifungio vya keria, na welding iliyopakwa rangi. Linganisha namba ya fremu na ya injini na zile za logibuku, na uhamisho wa umiliki uanzishwe na muuzaji kwenye akaunti yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mkiwa mmekaa meza moja. "Nitakutumia kesho" si jibu.

Hatua ya 8: Kuijaribu

Njia yangu ya majaribio ni Ngong, Kona Baridi, Kiserian. Upepo wa Kona Baridi utakuonyesha kama pikipiki inayumba, na hukosi njia ya changarawe ya kuchepukia. Simama kwenye vikanyagio. Ukilazimika kuinama kuifikia hendeli, mgongo utakulaumu kabla ya adhuhuri. Funga breki ya nyuma kwenye changarawe uone ABS, ule mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge, inavyofanya. Zipo zinazokuruhusu kuizima nyuma, na kwenye mteremko wa mawe utaishukuru.

Kama ni ya kabureta, muulize mwenye pikipiki ilirekebishwa wapi. Kabureta iliyopunguziwa petroli ili iendane na hewa nyepesi ya Nairobi, kwenye mita 1,700, ikiteremka Magadi, mita 600 hivi, inakutana na hewa nzito. Petroli inakuwa haba kwenye mchanganyiko, na injini inachemka siku ambayo jua nalo linachemka.

Hatua ya 9: Usimalize pesa

Bakiza robo ya bajeti. Itanunua tairi zenye meno, bamba la kukinga injini, kofia na buti. Keria watakutengenezea mafundi wa Kamukunji, peleka pikipiki yenyewe wapime. Koti na buti za mtumba Gikomba utapata, lakini kofia nunua mpya, kwani ya mtumba hujui iligonga nini. Mifuko iwe laini. Masanduku ya chuma ni mazuri kwenye lami; kwenye tope mguu ukibanwa kati ya sanduku na ardhi, sanduku halivunjiki.

Mimi mwenyewe ningechukua ipi? Ukienda peke yako, Magadi na Suswa kila mwezi na Turkana mara moja kwa mwaka, CRF300 Rally. Ukitaka pia kukaa vizuri kwenye lami bila kufilisika, Himalayan. Ukibeba mke na mizigo hadi Moyale, Suzuki V-Strom 650 na tanki lake la lita 20, ila Kajiado wakati wa mvua uiache nyumbani.

Ukishainunua, ipeleke Magadi, ulale, urudi kesho yake. Ukifika nyumbani usiioshe. Chukua tochi uizunguke: popote oili inapovuja, hata tone, vumbi limegeuka tope jeusi, na popote bolti iliyolegea ilipocheza pana kijiduara kisafi cha chuma kinachong'aa. Weka alama ya chaki kila unapopaona, kaza, kisha ndipo uite maji.