Mbwa anayelia ukitoka: nilivyomzoesha Bosi kubaki peke yake

Jirani alinikuta getini jioni moja nikitoka kazini, akaniuliza kwa upole kabisa, "Samahani dada, hivi huyo mbwa wako ukiondoka huwa anaumwa? Maana analia mpaka mtoto wangu halali." Nikaishiwa pozi. Mi nilijua Bosi ni mtundu tu, kila nikirudi nakuta mlango umekwanguliwa, kandambili imetafunwa, mkojo uko hapo hapo mlangoni, basi nampa kofi maisha yanaendelea. Kesho yake nikaegesha simu ya zamani kwenye stuli ikawa inarekodi vidio. Dakika mbili tu baada ya kufunga mlango akaanza kuzunguka, mate yanamtoka, anahema kama amekimbia kutoka Kimara mpaka Posta, hata nyama niliyomwachia hakuinusa. Kumbe ni hofu.

Kwa hiyo anza na kurekodi kabla hujafanya lolote. Mara nyingi vurugu linaanza ndani ya nusu saa ya kwanza, huna haja ya vidio ya siku nzima. Ukiona anatafuna kiatu kwa raha zake afu analala, huyo kaboeka tu, mpe mazoezi na vitu vya kuchezea. Akibweka kila mtu anapopita nje, shusha pazia. Ila akikwangua mlango uliotokea wewe na chakula kinamshinda, hapo ndo kwenye shida yetu. Na kama alikuwa sawa miaka yote kabadilika ghafla, au anajikojolea hata ukiwepo, mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo, huenda ni ugonjwa.

Fimbo acha, nakuomba. Ukimchapa jioni kwa kosa la asubuhi anachojifunza ni kwamba ukirudi anapigwa, sasa anaogopa ukiondoka na anaogopa ukirudi. Ule mkia anaoubana miguuni tunaosema "anajua kosa lake", anausoma uso wako tu ulivyoukunja. Mnyororo nao hapana, wala kumbana kwenye banda dogo, maana mbwa aliyepaniki anaweza kuvunja meno, kung'oa kucha au kujinyonga kabisa. Najua huku kwetu wengi wanafungiwa mchana na kufunguliwa usiku walinde, aliyezoeshwa tangu mdogo analala zake, ila mwenye hofu hii anateseka humo ndani.

Haya, mazoezi. Hofu yake inaanza kabla hujatoka, anajua funguo, anajua viatu, anajua mkoba. Sasa chukua funguo, kaa uangalie tivii. Vaa viatu, nenda kaoshe vyombo. Rudia rudia kila siku bila kwenda popote, mpaka ukishika funguo hanyanyui hata kichwa. Bosi alichukua kama siku kumi hivi.

Afu mlango wenyewe. Shika kitasa, achia. Fungua, funga. Toka sekunde tano urudi kabla hajaanza kulia, ingia kimya kimya bila shangwe. Halafu sekunde kumi, nusu dakika, rudi tena kwenye sekunde tano, usiwe unapandisha tu kila siku maana atashtukia kwamba kila safari ni ngumu kuliko ya jana. Akilia ujue umemrusha darasa, punguza. Sisi tulikwama kwenye dakika nne wiki nzima, dakika nne jamani, majirani wananiona natoka naingia natoka naingia kama mtu aliyesahau kitu wakadhani nimechanganyikiwa. Ila alivyovuka nusu saa, mengine yakaja haraka.

Sehemu ngumu kuliko zote ni hii: kipindi chote cha mazoezi usimwache zaidi ya muda anaouweza, siku moja ya hofu kali inaweza kufuta kazi ya wiki. Na kazini unaenda vipi? Mi nilichukua likizo, ilipoisha nikawa nampitisha asubuhi kwa mama mdogo anashinda naye gengeni, akapendwa na wateja mpaka akanenepa. Kama una dada wa kazi au mtoto wa jirani, omba msaada, mbwa wengi wanatulia akiwepo mtu yeyote, japo wapo wanaokutaka wewe tu. Watu watakwambia leta mbwa wa pili. Mi sishauri, mara nyingi anayemlilia ni binadamu aliyetoka, unaweza kuishia na walalamikaji wawili.

Asubuhi mtembeze nusu saa na umwache anuse kila kichaka, kunusa kunamtuliza kweli kweli. Vile vidude vya mpira vya kujaza chakula ni bei, mi natumia taulo kuukuu, nanyunyiza dagaa wasio na chumvi naviringisha afu ahangaike nalo. Au ugali laini na mchuzi wa utumbo, unagandisha kwenye friza analamba taratibu. Mchuzi usiwe na kitunguu, ni sumu kwake, na mifupa iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vikali vinaweza kumtoboa tumbo. Anza kumpa ukiwepo nyumbani, asije akajua taulo maana yake umeondoka.

Ikishindikana kabisa, dawa zipo na wala si aibu. Daktari wa mifugo anaweza kumwandikia fluoksetini, ile ile wanayopewa watu wenye sonona, Marekani waliipitisha rasmi kwa mbwa wenye shida hii 2007. Inachukua wiki kadhaa kufanya kazi na mazoezi yanaendelea pale pale. Usimpe vidonge vyako vya kabatini, panado na ibuprofeni zinaweza kumuua.

Watu wanamsifia sana Hachiko, yule mbwa wa Japani aliyemsubiri bwana wake aliyekufa, stesheni ya Shibuya kuanzia 1925 mpaka mwenyewe alipokufa 1935. Mi zamani nilikuwa natokwa na machozi ya furaha. Siku hizi nawaza tu miaka yote ile hakuna aliyeweza kumtuliza.

Bosi sasa hivi anakaa masaa manne, mchana mama mdogo anapita kumtoa nje. Mwezi uliopita nilisafiri wiki moja, niliporudi akaanza tena kunifuata mpaka chooni. Nikarudi kwenye funguo na kitasa, siku ya nne akawa analala.