Kufyatua mfululizo na uchakavu wa bastola

Kwa mmiliki halali wa bastola anayefanya mazoezi ya shabaha hapa Dodoma, ni vyema kufahamu kwamba risasi zinazofyatuliwa kwa mfululizo wa haraka hupandisha joto la mtutu, hulainisha mafuta mpaka yakatiririka kutoka kwenye reli (njia ambamo sehemu ya juu ya bastola huteleza), na kuacha masizi ya baruti ambayo, yakichanganyika na vumbi letu la kiangazi, hugeuka tope linalosaga chuma kama msasa. Hapo ndipo maganda ya risasi huanza kukwama.

Hata hivyo, joto lenyewe huidhuru bastola kidogo kuliko bunduki ndefu, kwa kuwa baruti yake ni chache. Kinachochoka kwanza ni springi ya kurudisha sehemu ya juu, ambayo kwa bastola nyingi za milimita 9 hushauriwa kubadilishwa baada ya risasi 3,000 hadi 5,000, ingawa kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa. Springi za magazini nazo zikaguliwe.

Baada ya zoezi, toa magazini, hakikisha chemba (sehemu ya mtutu inamokaa risasi) ni tupu, acha mtutu upoe, kisha usafishe na kupaka mafuta machache tu, maana yakizidi huvuta vumbi.