Njumu za mwenye mguu mwembamba: kupima, kujaribu na kuziba nafasi

Mchezaji mwenye mguu mwembamba mara nyingi hukosea kwa njia ile ile. Anavaa namba yake, kiatu kinamcheza ubavuni, basi anashuka namba moja au mbili mpaka kimbane. Kinabana kweli, lakini kwenye vidole; kisigino bado kinatoka. Haipiti muda ukucha wa kidole gumba unakuwa mweusi na nyuma ya kisigino panafanya malengelenge. Kufupisha kiatu hakutibu upana. Namba inunuliwe kwa urefu wa mguu, kisha nafasi inayobaki ubavuni na juu izibwe kwa njia nyengine, na njia hizo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Haya yameandikwa kwa wanaonunua Zanzibar, iwe Darajani, Mwanakwerekwe au Chake Chake, kwenye meza za mtumba ambako jozi ni moja moja na huwezi kumwambia muuzaji akuletee hiyo hiyo iliyo nyembamba zaidi. Ndiyo maana kujua kukagua na kurekebisha kunafaa kuliko kujua majina ya matoleo.

Pima mguu kabla ya kutoka nyumbani

Pima baada ya Alasiri. Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na saa hizo ndizo za kuingia kiwanjani. Vaa soksi utakayochezea. Laza karatasi sakafuni, ukingo wake ugote ukutani, simama juu yake kisigino kikigusa ukuta na uzito wote ukiwa kwenye mguu huo. Mtu mwengine akupigie mstari mbele ya kidole kilichotangulia, ambacho kwa wengi ni gumba na kwa wengine ni cha pili. Halafu apige mistari miwili ya ubavuni pale mguu ulipo mpana zaidi, nyuma ya vidole. Kalamu isimame wima. Ikilala na kuingia chini ya mguu, upana utasomeka mdogo kuliko ulivyo. Rudia kwa mguu wa pili, kwa sababu ni nadra miwili kulingana. Mguu mrefu ndio unaoamua namba. Ule mwembamba zaidi ndio utakaohitaji kuzibwa.

Mguu wa sm 26 kwa kawaida huwa na upana wa karibu sm 10. Ukipata sm 9.5 au pungufu, wako ni mwembamba. Kwa urefu mwengine gawa upana kwa urefu: jibu likishuka chini ya 0.37, jihesabu humo. Wapo pia ambao upana wao ni wa kawaida lakini mgongo wa mguu uko chini na kisigino ni chembamba. Hao nao njumu huwacheza, na dawa yao ni hizi hizi.

Kwenye lebo ya ndani, mara nyingi chini ya ulimi, soma sentimita badala ya namba za Ulaya au Uingereza. Nike huandika CM. Adidas huandika JP, kwa milimita, mfano 265. Namba nyengine hazilingani baina ya kampuni. Njumu ya 42 ya Nike na ya 42 ya adidas zote ni za mguu wa sm 26.5, lakini kwa namba ya Uingereza ya kwanza ni 7.5 na ya pili ni 8. Kumbuka pia kwamba sentimita hizo ni za mguu unaoingia, si za kiatu chenyewe, kwa hiyo usizipunguze wala kuziongeza.

Mezani: kagua kabla ya kuvaa

Anza na soli ya ndani, ile inayotoka. Ivute nje, iweke chini, usimame juu yake na soksi yako. Kidole kirefu kibakishe mm 5 hadi 8 kufika ncha. Ubavuni, mguu ukaribie kingo zote mbili. Ukiona soli imejitokeza zaidi ya mm 4 kila upande, kiatu hicho ni kipana kwako na utakuwa unateleza ndani kila unapogeuka.

Kwenye mtumba soli hiyo inakupa habari nyengine. Iangalie vizuri kwenye mwanga: alama ya mguu wa mwenyewe wa mwanzo imebaki pale, kishimo cha gumba, kishimo cha kisigino, na weusi kwenye kingo. Kama alama imeenea mpaka ukingoni au imepanda juu ya ukingo, aliyeivaa alikuwa na mguu mpana na ubavu wa kiatu umeshapanuka. Iache, hata kama meno ni mapya. Alama ikiwa nyembamba, imekaa katikati na kingo zimebaki safi, umeipata ya mwenzako.

Kisha bonyeza kikombe cha kisigino kwa vidole gumba viwili, kimoja kila upande. Kinatakiwa kiwe kigumu na kirudi mahali pake mara moja. Kikikunjika kama kitambaa, hakuna fundi atakayekurudishia, na kisigino ndicho kitu ambacho mwenye mguu mwembamba hawezi kukifanyia mzaha. Mwisho kunja kiatu: kikunjike pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati ya unyayo, soli imevunjika ndani. Wakati kimekunjwa tazama mshono wa soli na ngozi, maana gundi iliyokaa miaka kwenye maboksi na joto huachia hapo kwanza.

Kuhusu ngozi: ngozi halisi, ya ng'ombe au ya kangaruu, hulainika na kupanuka ubavuni kwa kuchezewa. Nike na Puma zilitangaza mwaka 2023 kuachana na ya kangaruu, lakini kwenye mtumba bado unaweza kuikuta. Mwenye mguu mwembamba akichagua ngozi, siku ya kununua imkamate kwa kubana kidogo ubavuni, la sivyo baada ya miezi itakuwa pwaya. Za plastiki na za kufumwa hubaki karibu na umbo zilivyonunuliwa, na kwa mguu huu ndizo za kutangulizwa.

Kwa majina, Mercurial ya Nike, iliyoanza 1998, na Ultra ya Puma zinajulikana kwa wembamba. Copa ya adidas na King ya Puma kwa kawaida huwa na nafasi zaidi. New Balance hutengeneza baadhi ya njumu kwa upana tofauti. Ukiona 2E, hiyo ni ya mguu mpana, ipite. Za kuiga zisikushughulishe kwa jina lake, kwa sababu kalibu lake halifuati la kampuni. Zisizo na kamba, ambazo adidas ilianza kuziuza 2016, hazimfai mwenye mguu mwembamba: hakuna cha kukaza.

Kuzivaa na kuzijaribu

Mwambie muuzaji mapema: “Kaka, naomba nizivae zote mbili nitembee kidogo.” Wengi hukubali ukiwa na soksi safi na kipande cha boksi cha kukanyagia.

Legeza kamba mpaka chini, ingiza mguu, kisha gonga kisigino sakafuni mara 3 ili mguu urudi nyuma kabisa. Ndipo ukaze, tundu kwa tundu kuanzia vidoleni kwenda juu. Ukiikaza juu peke yake, mguu utasogea mbele na jaribio lote litakuwa la uongo.

Sasa tazama ile nafasi baina ya safu mbili za matundu. Iwe kama sm 1.5 hadi 2, na safu ziende sambamba. Zikikaribia kugusana, kiatu kimeshafika mwisho wa kukazwa kabla hakijakukamata, na bado hakijalegea. Hiki ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote, na unaweza kukitumia hata kwa mtoto asiyejua kueleza kinachomsumbua.

Nyanyuka kwa ncha za vidole. Kisigino kikipanda mm 3 si neno. Kikipanda sm 1 kitakutoa malengelenge kabla ya mapumziko. Simama mguu mmoja, egemea nje, egemea ndani: mguu usivuke ukingo wa soli. Ruka kutoka kwenye ngazi moja. Vidole visigonge mbele. Zivae dakika 10 ukiweza. Ganzi mgongoni mwa mguu maana yake umekaza kupita kiasi ili kufidia upana.

Kuziba nafasi

Kwanza, soli ya pili. Chukua soli bapa ya mm 2 au 3, ikate kwa kufuata ile ya asili, na uiweke chini yake. Mguu unapanda na kiatu kinajaa. Usizidishe mm 4, kwa sababu kisigino nacho kitapanda na kutoka kwenye kikombe, na tatizo litahama tu. Kipande cha ndara hakifai: ni kinene mno na huteleza kikilowa.

Pili, na kwa maoni yetu hii ndiyo bora kwa mwenye mgongo wa mguu ulio chini, ni kuweka sponji chini ya ulimi. Kata kipande cha mm 3, upana sm 4 na urefu sm 6, ukibandike kwa gundi ya viatu upande wa ulimi unaogusa mguu, kikae juu ya mgongo wa mguu na si juu ya vidole. Paka gundi pande zote mbili, subiri ikauke mpaka isishike kidole, ndipo ubane. Ukishakaza kamba, sponji inausukuma mguu nyuma na kuukalisha kwenye kikombe. Njumu zenye ulimi ulioshonwa pande zote zinahitaji mkono wa fundi viatu.

Tatu, pedi za kisigino. Fundi hubandika sponji nyembamba na kuifunika kwa ngozi laini, kila upande wa mshipa wa nyuma. Asiweke katikati, juu ya mshipa wenyewe, maana hapo patachubuka.

Soksi nene moja husaidia. Mbili za pamba huteleza moja juu ya nyengine na kushika jasho. Kamba isizungushwe kwenye kifundo cha mguu. Hubana mshipa wa nyuma kila unapokimbia. Wala usijaribu kuifinya njumu kwa maji ya moto au kuianika juani: maji ya moto hulegeza ngozi na gundi, yaani kinyume cha unachotaka.

Meno nayo yanahusika. Kwenye nyasi bandia, kama za viwanja vya Amaan au Gombani, tafuta AG (za nyasi bandia) au TF (zenye vijino vingi vifupi). Meno marefu ya FG (za nyasi za asili) hushika zulia wakati mguu mwembamba unaendelea kuzunguka ndani ya kiatu, na goti ndilo linalolipa. Kwenye ardhi ngumu ya mtaani TF inatosha.

Za watoto

Mzazi hununua kubwa ili mtoto wa Juvenile, yaani ligi ya watoto, akue nazo. Kwa mtoto mwembamba nafasi ya mbele isizidi sm 1, na ijazwe kwa soli ya pili, si kwa karatasi au pamba iliyosukumwa vidoleni, ambayo humfanya akunje vidole akikimbia. Mpime tena kila baada ya miezi 3. Nafasi ya mbele ikishuka chini ya mm 5, toa soli ya pili, mvalishe, umpime upya. Mara nyingi kiatu hupata miezi kadhaa zaidi kwa hilo peke yake.