Kabla Hujaandika Kiingereza cha Kazini, Kagua Kiima na Kiwakilishi

Kazi ikikutaka uandike Kiingereza, hata kama ni mistari miwili kwenye daftari la zamu, usiende na ujasiri mtupu. Kuna vitu vya kukagua kwanza. Mimi sikukagua, nikakatwa mshahara.

Jepesi tulimalize. Kiima ni yule au kile ambacho sentensi inakizungumzia; kiwakilishi ni neno linalosimama badala ya jina. Viwakilishi vya nafsi vinavyokaa kwenye nafasi ya kiima ni saba tu, "I, you, he, she, it, we, they". Vikariri kama namba yako ya simu. "You" ni wewe, na ni nyinyi pia.

Kisha hakikisha kiima kipo. Sisi tumezoea kitenzi kitubebee kila kitu: "tumechelewa" ni neno moja, na ndani yake mna watu, wakati na tendo. Kitenzi cha Kiingereza hakina mgongo huo. Ukiandika "Am late" umemwacha mwenye sentensi nje. Mrudishe, "I am late". Hata mvua hupewa kiima, "It is raining", ingawa ukiuliza hiyo "it" ni kitu gani hakuna atakayekuonyesha. Inayosamehewa ni amri, "Close the door", kwa kuwa anayeamriwa anajulikana.

Wala usikizidishe. "My mother she is sick" ni ile "mama anaumwa" yetu iliyovalishwa suti: ile "a" ya "anaumwa" tumeing'ang'ania mpaka ikawa "she". Chagua kimoja, "my mother" au "she".

Sentensi ikiwa ndefu, kiulize kitenzi: nani, au nini? "The box of mangoes is heavy". Kilicho kizito ni boksi, ndiyo maana tunaandika "is", hata kama maembe ndiyo yaliyokaa jirani na kitenzi. Tena usidhani kiima lazima kiwe mtenda. "The goat was stolen": mbuzi hakuiba, ameibwa, na kiima bado ni yeye.

Sasa tuje kwa "he" na "she". Hapa kaa kitako.

Nilikuwa mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni Zanzibar. Bosi hakujua Kiswahili, kwa hiyo daftari la zamu liliandikwa Kiingereza. Siku hiyo tulikuwa na daktari mmoja, mwanamke, na kaka yake, vyumba viwili vinavyotazamana. Daktari akaniambia ana ndege ya asubuhi na mapema, aamshwe saa kumi alfajiri, teksi iwe mlangoni. Kaka alikuwa anabaki. Nikaandika: "Doctor and brother, room 5 and 6. He is going to airport, wake him at 4." Nikafunga daftari, nikaenda zangu nyumbani.

Mwenzangu wa usiku akasoma "he", akasoma "him", akaenda kumgongea kaka. Kaka akatoka na usingizi wake, akasema kwa hasira kwamba yeye hana safari yoyote, akafunga mlango. Mwenzangu akaona basi, safari imeahirishwa, akairudisha teksi. Daktari alikuwa ametuamini, hata kengele ya simu hakuweka. Aliamka jua limeshachomoza. Sehemu ya tiketi yake mpya ilitoka kwenye mshahara wangu, miezi mitatu.

Nimelifikiria sana jambo hili. Ningeandika kwa Kiswahili, "anakwenda uwanja wa ndege, aamshwe", mwenzangu angenipigia simu kuuliza: nani, daktari au kaka? Ile "a" yetu haisemi ni mwanamume au mwanamke, na kwa kuwa haisemi, msomaji huuliza. "He" haiachi nafasi ya kuuliza. Inasema, hata ikiwa inasema uongo.

Kwa hiyo kabla ya kuandika "he" au "she", mwone mtu mwenyewe kichwani: ni mwanamume au mwanamke? Usiendeshwe na kazi yake kama mimi, niliyesikia "daktari" na mkono ukaandika "he". Kama wanaotajwa ni wawili wa jinsia moja, kiwakilishi chenyewe hakikusaidii. "Asha told Neema that she was sacked." Nani kafukuzwa? Rudia jina. Walimu watakwambia kurudia jina si maandishi mazuri; waache, wao hawaamshi wageni alfajiri.

Programu za kutafsiri nazo usizikabidhi roho. Ukiipa "amefika", haina pa kujua jinsia. Mara nyingi itachagua yenyewe, na wewe ndiye utakayetia saini.

Mengine ya haraka. "I" huandikwa kwa herufi kubwa popote ilipo. Kwenye kiima ni "I", si "me", hata ukiwa na ndugu yako: "My brother and I". Mbuzi na kuku ni "it", lakini mbwa wa mgeni mwite "he" au "she" kama anavyomwita mwenyewe, maana wengine huudhika. Soma tena ulichoandika kabla ya kufunga daftari. Tarehe nayo iangalie, namba za vyumba pia, na saa: saa kumi yetu ni 4 yao, na pembeni useme ni ya alfajiri au ya alasiri. Na kama mwenzako wa zamu ameshafika, hata kama bado anavua koti la mvua mlangoni, mwambie kwa mdomo.