Malindi kwenda Lamu kwa gari na Tana imefurika, soma kabla hujatoka

Wengi wetu hapa Malindi tukiona jua tunasema njia iko sawa, twendeni. Lakini maji yanayokata barabara pale kati ya Minjila na Gamba, karibu na Garsen, mara nyingi hata si ya mvua yetu, ni ya Mto Tana, na Tana yaanzia huko Mlima Kenya na Aberdare, kwa hivyo bara ikinyesha sana na mabwawa ya Masinga na Kiambere yakifurika, maji yanateremka mpaka Garissa na siku kadhaa baadaye yako Garsen, na wewe kwako hata kiwingu hamna. Ukisikia Garissa watu wanahama nyumba, usifunge safari. Ndivyo ilivyokuwa mwisho wa 2023 na tena 2024, abiria wakavushwa kwa boti.

Kwa hivyo angalia tangazo la KeNHA, wale wenye kusimamia barabara kuu, halafu mpigie mtu aliyepita leo, si jana, dereva wa basi ama wa lori. Jaza tangi, beba maji ya kunywa na kitu cha kutia tumboni, na toka alfajiri ili ukikuta kumefungwa urudi mchana.

Ukifika kwenye maji, simama kwanza. Lori kupita si hoja, wewe una Probox, gari ndogo ya chini. Maji yanayokwenda kasi yakiwa sentimita 30 tu, hata goti hayafiki, yanaweza kubeba gari ndogo, na 60 yabeba hata hizo kubwa mnazojivunia. Halafu maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa, huoni kama lami chini imeliwa ikabaki shimo.

Yakiwa machache, yametulia, na kingo za barabara waziona, ngoja wa mbele atoke kabisa, tia gia ya kwanza, nenda polepole bila kusimama. Ukishatoka kanyagakanyaga breki zikauke. Gari ikizima ndani usiwashe tena wallahi, injini itavuta maji na hapo utatafuta injini nyingine. Yakiwa yapanda, achana na gari, tokeni hata kwa dirisha.

Kukifungwa, acha gari Minjila ukavuke kwa boti kama zipo, uchukue usafiri mwingine ng'ambo mpaka Mokowe, penye gati la boti za Lamu, na bila jaketi la kuokolea usipande. Mwenye haraka aulizie ndege ya kushuka Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu. Na hao vijana wa kukwambia kuna njia ya porini, nikupeleke, usiwape hata shilingi, ule udongo mweusi ukilowa hata trekta lanasa.